Mani Haitaki Haraka: Mwongozo wa Safari Kusini mwa Ugiriki

Kusini mwa Ugiriki, eneo la Peloponnese limetoa ndimi tatu za ardhi baharini. Ulimi wa katikati ndio Mani. Uti wake wa mgongo ni milima ya Taygetos, ambayo kilele chake, Profitis Ilias, kinapita mita 2,400. Kutoka hapo safu inateremka kuelekea kusini, ikizidi kuwa kavu na tupu, hadi inaishia majini kwenye rasi ya Tainaro, ncha ya kusini kabisa ya Ugiriki bara. Kati ya mlima na bahari vimebanana vijiji vya mawe, makanisa madogo ya enzi za Bizanti, na minara ambayo koo za huko zilijijengea kwa ajili ya vita, mara nyingi vita vya ukoo kwa ukoo.

Wageni wengi hulala Kalamata, huamka na gari la kukodi, huzunguka Mani yote kwa siku moja na kurudi usiku. Ushauri wangu ni kinyume cha hapo. Tenga siku tano, au wiki nzima ukiweza. Lala sehemu mbili tu: Kardamyli upande wa kaskazini, Areopoli upande wa kusini. Kila siku acha gari mahali, utembee. Nchi hii historia yake imeandikwa kwenye mlango mfupi, kwenye birika la maji ya mvua, kwenye ukuta wa kanisa lisilo na mlinzi. Mwenye haraka hayaoni hayo.

Wakati wa kwenda

Miezi mizuri ni Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, na Septemba hadi Oktoba. Wakati wa machipuko majabali yote huvaa maua ya porini, na jua halijawa kali. Septemba na Oktoba bahari bado ina joto la kuogelea na vyumba hupatikana bila taabu. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35, vivuli ni haba, na hatari ya moto wa nyika ni kubwa. Ukilazimika kwenda miezi hiyo, tembea alfajiri na jioni tu. Msimu wa baridi nyumba nyingi za wageni za kusini hufungwa.

Pasaka ya Waorthodoksi inahitaji mpango wa peke yake. Wenyeji waliohamia Athens hurudi kwao, na vyumba hujaa mapema. Tarehe yake mara nyingi haiendi sambamba na Pasaka ya Wakatoliki na Waprotestanti, kwa hiyo tazama kalenda yao kabla ya kulipia chumba.

Viza, bima na fedha

Mwenye pasipoti ya nchi za Afrika Mashariki au ya Kongo anahitaji viza ya Schengen, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Usisubiri ukingo huo, kwa sababu miadi ya kiangazi hujaa. Andaa bima ya safari inayolipa matibabu ya angalau yuro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri au hati za biashara, na uthibitisho wa malazi. Weka nafasi za ndege na hoteli zinazoweza kufutwa bila hasara, ulipie kamili viza ikishatoka.

Anayeishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen kwa kibali halali cha ukaazi haombi viza ya pili. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania bado anaihitaji.

Kadi ya benki inakubalika mahali pengi, lakini beba noti ndogondogo za yuro kwa ajili ya vijiji vya kusini. Mashine za kutolea fedha hupungua sana ukishapita Areopoli. Beba pia pasipoti au nakala yake, maana polisi wa Ugiriki wanaweza kuomba kitambulisho wakati wowote.

Kufika na kuendesha

Kutoka Athens hadi Kalamata ni takriban kilomita 240 za barabara kuu nzuri yenye vituo vya kulipia. Ni mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu. Mabasi ya KTEL huondoka kituo cha Kifissos mjini Athens kwenda Kalamata, Gytheio na Areopoli. Mtu anaweza kufika Mani kwa basi, ila kuzunguka ndani yake kwa basi ni kazi ngumu, kwa sababu safari ni chache na hupungua zaidi mwisho wa juma. Kama bajeti inaruhusu, kodi gari dogo. Vichochoro vya vijiji vilipimwa kwa punda aliyebeba mzigo, na gari kubwa litakusumbua.

Chukua leseni ya kimataifa ya udereva kabla ya kuondoka nyumbani, pamoja na leseni yako ya kawaida. Ugiriki wanaendesha kulia. Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda amezoea kushoto, na hatari kubwa haiko barabara kuu yenye magari mengi ya kufuata. Iko asubuhi, unapotoka kwenye kijiji kitupu na mkono unakupeleka upande uliouzoea. Mwombe mwenzako akukumbushe kila mnapowasha gari.

Kalamata hadi Areopoli ni kama kilomita 80, lakini kona ni nyingi, hivyo hesabu karibu saa mbili bila kusimama. Jaza tangi Areopoli kabla ya kwenda kusini. Usiendeshe usiku usipolazimika: mbuzi hulala barabarani na kingo nyingi hazina vizuizi. Namba ya dharura ni 112, kwa ajali, ugonjwa na moto.

Kituo cha kwanza: Kardamyli

Sehemu ya kaskazini, inayoitwa Mani ya Nje, ina maji zaidi, miti zaidi na mizeituni mingi. Kardamyli ni mji mdogo wa pwani, na jina lake ni la kale sana: katika utenzi wa Iliad ni mmoja wa miji saba ambayo Agamemnon aliahidi kumpa Akile ili arudi vitani. Nyuma ya mji wa sasa kuna Kardamyli ya kale, boma la ukoo wa Mourtzinos, lenye mnara, kanisa na maghala ndani ya ukuta mmoja. Hapo ndipo Theodoros Kolokotronis, aliyekuja kuwa jemadari mkuu wa vita vya uhuru wa Ugiriki, alipopokewa Januari 1821 alipovuka kutoka Zakynthos.

Kutoka kwenye boma hilo panda kwa miguu njia ya zamani ya mawe hadi kijiji cha Agia Sofia. Ni mpando wa chini ya saa moja kwa mtu wa kawaida. Juu utaiona ghuba yote ya Messenia, na nyuma yako kilele cha Taygetos. Unaweza kurudi kwa kuzungukia kijiji cha Petrovouni. Mwenye miguu imara aendelee hadi Exochori na kuteremka kwenye korongo la Viros, lenye sakafu ya mawe meupe ya mto uliokauka. Kwa korongo hilo usiende peke yako, na usiingie mvua ikinyesha au ikikaribia.

Kwa kupanda kilele chenyewe cha Profitis Ilias, wengi huanzia upande wa mashariki, wa Sparta, kwenye kibanda cha wapandaji milima kilicho kwenye mita 1,550 hivi. Urefu wake ni chini ya nusu ya Kilimanjaro, kwa hiyo si hewa nyembamba itakayokushinda. Hatari zake ni radi za mchana, ukungu wa ghafla na theluji inayodumu hadi machipuko. Anza alfajiri.

Pembeni mwa Kardamyli, kwenye kighuba cha Kalamitsi, ipo nyumba ya mwandishi Mwingereza Patrick Leigh Fermor, ambaye kitabu chake kuhusu Mani kilitoka 1958. Alifariki 2011, na nyumba aliiachia Jumba la Makumbusho la Benaki. Hutembelewa kwa miadi, basi omba nafasi mapema. Kusini kidogo, Stoupa ina ufuko wa mchanga unaofaa watoto. Hapo mwaka 1917 mwandishi Nikos Kazantzakis alichimba makaa ya mawe pamoja na fundi aliyeitwa Georgios Zorbas. Kutokana na mtu huyo akaandika riwaya iliyompa jina duniani, ingawa hadithi aliihamishia kisiwa cha Krete.

Kituo cha pili: Areopoli na Mani ya Ndani

Ukishapita kijiji cha Oitylo mandhari hubadilika. Mizeituni inakuwa mifupi, udongo unakwisha, mawe yanatawala. Simama Oitylo utazame chini kwenye ghuba: upande ule ni Limeni, bandari ndogo ya maji ya kijani ambako ukoo wa Mavromichalis ulikuwa na makao. Kutoka Oitylo mamia ya watu walihamia Corsica katika karne ya 17, na kizazi chao kipo hadi leo katika mji wa Cargèse.

Areopoli panafaa kwa usiku mbili au tatu. Katika uwanja wake, tarehe 17 Machi 1821, watu wa Mani wakiongozwa na Petrobey Mavromichalis walitangaza vita dhidi ya dola ya Osmani. Siku sita baadaye walikuwa wameingia Kalamata. Mani ilikuwa chini ya Sultani kwa jina, lakini watawala wa Kituruki waliona heri kumteua mkuu kutoka miongoni mwa wenyeji kuliko kujaribu kukaa huko wenyewe. Bendera yao ya vita ilitangaza ushindi au kifo. Wagiriki wengine walidai uhuru au kifo, ila wa Mani walijihesabu kuwa huru tayari.

Koo hizo hizo hazikuinamia kwa urahisi hata serikali mpya ya Ugiriki. Ioannis Kapodistrias, kiongozi wa kwanza wa taifa hilo, alipomfunga Petrobey, ndugu wa Petrobey na mwana wa Petrobey mwenyewe walimuua Kapodistrias mlangoni mwa kanisa huko Nafplio, Oktoba 1831. Ukitembea Areopoli ukawa unajua mambo haya, utaelewa kwa nini nyumba zimejengwa zikiwa zimegeuziana migongo.

Usikose Kanisa la Taxiarches, lenye mnara wa kengele na nakshi za mawe kwenye ukuta wa nje, na makumbusho ndogo ya sanaa ya Bizanti iliyo ndani ya mnara wa Pikoulakis.

Jinsi ya kuusoma mnara

Chagua mnara mmoja uukague taratibu. Sehemu ya chini mara nyingi ni birika au ghala. Mlango ni mfupi, mtu mzima lazima ainame, na anayeinama hawezi kuinua silaha. Ghorofa moja huunganishwa na nyingine kwa ngazi ya mti inayopita kwenye tundu la sakafu. Waliokuwa juu waliivuta ngazi wakafunga tundu. Madirisha ya chini ni nyufa tu, nyembamba nje na pana ndani, ili bunduki igeuke huku risasi ya adui ikikosa pa kupenya. Juu kabisa, pembeni, tafuta kibanda kidogo cha jiwe kilichochomoza juu ya mlango. Kutoka hapo waliwamwagia washambuliaji mafuta au maji ya moto.

Sasa tazama mnara wa jirani. Umbali kati ya miwili waweza kuwa wa mtu kurusha jiwe. Ardhi ilikuwa chache, visima vichache, na kila ukoo ulitaka kuwa juu ya mwenzake ili umpige kutoka juu. Watoto wa kiume waliitwa bunduki, kwa kuwa nguvu ya ukoo ilihesabiwa kwa idadi yao. Visasi viliweza kudumu miaka, vikisimama kwa mapatano ya muda ili watu wavune. Wanawake ndio waliotunga na kuimba maombolezo ya wafu, na wao pia walipigana. Juni 1826, askari wa Ibrahim Pasha wa Misri waliposhuka pwani ya Diros, wanawake waliokuwa wakivuna waliwakabili kwa miundu.

Minara mingi ni mali ya watu hata inapoonekana imeachwa. Usipande ndani: sakafu zimeoza na mawe huporomoka.

Diros, na fuvu la Apidima

Kilomita chache kusini mwa Areopoli yako mapango ya Diros. Unaingia kwa boti ndogo ya kusukumwa kwa mti, mita zipatazo 1,200 juu ya maji tulivu, chini ya mawe yaliyoning'inia kutoka darini, ukimaliza kwa kutembea. Unapaswa kuinamisha kichwa mara kwa mara, na ndani kuna ubaridi, basi vaa koti jepesi. Piga simu kuhakikisha pamefunguliwa, maana mara nyingine pango hufungwa, na foleni ya kiangazi ni ndefu. Fika mlango unapofunguliwa. Karibu na hapo wachimbuaji walipata mifupa ya mwanamume na mwanamke waliozikwa wamekumbatiana, yapata miaka 5,800 iliyopita.

Kaskazini kidogo mwa Diros, kwenye jabali la pwani, lipo pango la Apidima. Haliingiliki kwa watalii, lakini msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kulijua. Mabaki ya mafuvu mawili yalipatikana humo mwishoni mwa miaka ya 1970, na utafiti uliochapishwa 2019 ulilitambua moja kuwa la binadamu wa aina yetu, lenye umri wa miaka 210,000 hivi. Kwa hesabu hiyo ndilo la kale kuliko yote ya aina yetu yaliyopatikana nje ya Afrika. Asili yake ni bara letu, na njia aliyoipita mtu huyo haikuwa na viza.

Makanisa yasiyo na mlinzi

Mani ilichelewa kupokea Ukristo. Sehemu zake zilibaki na miungu ya zamani hadi karne ya 9. Walipoupokea Ukristo walijenga kwa pupa, na leo karibu kila kitongoji kina kanisa lake, mengi madogo kuliko sebule ya nyumba. Mkristo wa Orthodox kutoka Kenya au Uganda ataijua ibada hata asipoelewa neno. Asiye Mkristo atakuta picha za ukutani za karne nyingi, zilizochorwa na mafundi wasiojulikana. Mengi yamefungwa. Uliza ufunguo kwenye mgahawa wa kijiji, usijaribu kusukuma mlango. Funika mabega na magoti, zima mwanga wa kamera, usiguse rangi, acha sadaka kidogo, na urudishe mlango kama ulivyoukuta.

Vathia na Tainaro

Siku ya kusini ianze mapema. Pitia Gerolimenas, bandari iliyobanwa chini ya jabali, kisha Vathia, kijiji cha minara juu ya kilima ambacho wakazi wake karibu wote wameondoka. Mwisho wa barabara kuna magofu ya kanisa lililojengwa kwa mawe ya hekalu la Poseidon. Hapa ndipo Wagiriki wa kale walipoweka mojawapo ya milango ya kuzimu. Baadaye, katika enzi ya warithi wa Aleksanda Mkuu, palikuwa soko la askari wa kukodi.

Vaa viatu vilivyofungwa, beba lita mbili za maji kwa kila mtu, na fuata njia ya miguu kuelekea mnara wa taa. Ni kama kilomita mbili, hakuna kivuli. Njiani utapita sakafu ya nyumba ya Kirumi iliyopambwa kwa vijiwe vyeusi, vyeupe na vyekundu: duara lenye ua katikati, limezungushiwa mawimbi. Iko wazi juani, kwa hiyo uilinde kwa hiari yako. Usiikanyage wala usichukue hata kijiwe. Mnara wa taa ni wa 1882, na mbele yake meli hupita kati ya Mediterania ya mashariki na magharibi.

Rudi kwa barabara ya mashariki kupitia Lagia na Kotronas. Ina magari machache na bahari iko chini yako muda wote.

Chakula na adabu

Mwislamu na asiyekula nguruwe aelewe kwamba nyama maarufu ya huko, siglino, ni ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na huchanganywa hata kwenye mayai. Uliza kabla ya kuagiza. Usitarajie nyama ya halali vijijini. Samaki, maharage meupe ya kuokwa, mboga za porini zilizochemshwa na kutiwa ndimu, jibini ya sfela na mkate vitakutosha vizuri. Mafuta ya zeituni ya huko ni ya hali ya juu. Nunua kwa mkulima, pamoja na asali ya maua ya porini. Bei ya samaki huhesabiwa kwa kilo, basi pimiwa kwanza, ujue gharama, ndipo apikwe.

Mchana, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, watu hupumzika. Usipige honi wala kubisha mlango. Salamu ni *kalimera* asubuhi na *kalispera* jioni. Salimia unapoingia dukani hata kama hununui, ukianza na wazee. Ngozi nyeusi itatazamwa katika vijiji vya mbali, kwa kuwa wageni wa aina yetu ni wachache. Salamu yako ikitangulia, kwa kawaida mazungumzo huanza.

Siku ya kuondoka pitia Gytheio, bandari ya Sparta ya kale. Kwenye kisiwa kidogo cha Kranae, kilichounganishwa na mji, ndipo hadithi inaposema Paris na Helen walilala usiku wao wa kwanza wa kutoroka. Kutoka hapo ni chini ya saa moja hadi Sparta na magofu ya Mystras, mji wa Bizanti ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1989. Barabara kuu ya kurudi Athens iko karibu.

Ukiwa na siku mbili tu, usijaribu yote haya. Lala Areopoli, tembea Tainaro, kagua mnara mmoja na kanisa moja kwa utulivu, uiache sehemu nyingine kwa safari ijayo. Mani iliyoonwa kidogo na kueleweka ni bora kuliko Mani yote iliyopitwa dirishani.